Prosesa iliyofika nyuzi 100
Kompyuta yangu ya mezani ya kuchezea gemu ilikuwa ikikwamakwama kila mchezo ulipopamba moto, na programu ya kupima joto ilionyesha prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, imefika nyuzi 100 za Selsiasi, kiwango ambacho prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Feni zilizunguka vizuri na vumbi halikuwa jingi, kwa hiyo nilifungua kipozeo, kifaa kinachokaa juu ya prosesa kuiondolea joto. Pesti ya kupitisha joto iliyo kati yake na prosesa ilikuwa imekauka na kugeuka chengachenga. Niliifuta kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya njegere, kisha nikakaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, jambo ninalolisisitiza sana kwa sababu kipozeo kikilalia upande mmoja joto halipiti sawasawa. Sasa mchezo uleule hauvuki nyuzi 78.