Chaja ya mvuvi wa Igombe iliyolegea kila ilipobebeshwa mzigo

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hutegemea usiku wa giza, kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa vizuri mbalamwezi inapotanda, na ndiyo maana vifaa vyao vibovu huletwa kwangu hapa Kirumba, Mwanza, wakati mwezi unapokaribia kuwa mpevu. Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka Igombe aliniletea chaja ya betri za taa zake, yenye kibandiko cha volti 14.2 na ampea 3. "Fundi, ikiwa peke yake ni nzima," aliniambia, "lakini nikiifunga kwenye betri inalegea, na giza linaingia wiki ijayo."

Alikuwa anasema kweli. Bila mzigo mita ilisoma volti 14.2 kamili. Nilipoifunga kwenye balbu ya indiketa ya gari, ya wati 21, volti zilishuka hadi 12 zikatulia hapo. Nilipoongeza balbu ndogo ya wati 10, chaja ikaanza kuzimika na kuwaka, ikitoa mlio mdogo wa tiki tiki. (Balbu ikiwa baridi huvuta mkondo mkubwa mno kwa muda mfupi, kwa hiyo usiihukumu chaja kwa sekunde ya kwanza.)

Fundi aliyeishika kabla yangu alikuwa amebadilisha kapasita za upande wa kutokea. Simlaumu, kwa sababu kapasita iliyochoka ndiyo mshukiwa wa kwanza katika chaja za aina hii ya flaibaki (zinazopitisha nguvu kwenye transfoma kwa kuiwasha na kuizima haraka), lakini naamini kwa dhati kwamba kuna swali linalopaswa kutangulia kabla ya kulehemu chochote: je, saketi inayolinda volti inajua kwamba volti zimeshuka? Ikiwa haijui, kosa liko kwenye TL431, kijisehemu kinacholinganisha volti za kutokea na kipimo chake cha ndani, na rezista zinazoipimia volti. Ikiwa inajua na inaomba nguvu zaidi bila kuzipata, kosa liko kwenye njia ya nguvu yenyewe, na hapo kuigusa TL431 ni kupoteza muda wa mteja.

Jibu hupatikana kwenye optokapla, kijisehemu kinachopeleka ishara kwa mwanga kutoka upande wa kutokea hadi upande wa umeme wa ukutani. Chaja ilipokuwa bila mzigo, taa ya ndani ya optokapla ilikuwa na takriban volti 1.1, maana yake ilikuwa inawaka na kuiambia aisi (chipu inayoongoza chaja) ipunguze nguvu. Nilipofunga balbu, volti hizo zilianguka karibu na sifuri, na pini ya 1 ya aisi, ambayo ni ya familia ya 3842, ikapanda juu kabisa. Saketi ilikuwa inaomba kila kilichopo. Ukipima upande wa aisi, waya mweusi wa mita ukae kwenye hasi ya kapasita kubwa ya umeme wa ukutani, wala si kwenye hasi ya kutokea, na ukumbuke kwamba kapasita hiyo hubeba zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Mimi huimaliza kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye wati 5, kisha napima tena kuhakikisha.

Kapasita hiyo kubwa ilikuwa nzima: volti 318 bila mzigo, 305 ikiwa na mzigo. Diodi ya kutokea nayo haikuwa na tatizo. Kilichobaki ni kile kinachoiambia aisi ikate mkondo, yaani rezista za omu ndogo zilizo chini ya mosfeti, swichi ya kielektroniki ya chaja. Kwenye flaibaki, mosfeti ikiwaka mkondo hupanda ndani ya koili ya kwanza na kuweka nguvu kwenye transfoma, na ikizimika nguvu hiyo humwagwa kwenye koili ya pili. Aisi hukata mkondo pale volti juu ya rezista hizo zinapofika 1. Hapa zilikuwa tatu za omu 1.5 zilizounganishwa sambamba, zikifanya omu 0.5, hivyo kikomo kilikuwa ampea 2.

Nilizipima zikiwa kwenye bodi, na usomaji haukunisaidia, kwa sababu waya za mita peke yake zina ukinzani unaotosha kuficha tofauti ya robo omu. Ilinibidi kuinua mguu mmoja wa kila rezista. Ya kati, yenye pete za kahawia, kijani na dhahabu, ilikuwa imekatika, na chini ya lenzi niliona ufa mwembamba kama unywele umeizunguka. Mosfeti iliyo juu yake ilikuwa na risasi ya kulehemu inayong'aa kuliko nyingine, kwa hiyo iliwahi kuungua na kubadilishwa, na nadhani rezista hiyo iliumia siku hiyohiyo.

Rezista mbili zilizobaki kwa pamoja ni omu 0.75, na kikomo hushuka hadi ampea 1.33. Upungufu huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu nguvu inayowekwa kwenye transfoma hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe: theluthi mbili ya mkondo hubakiza sehemu nne kati ya tisa za nguvu, chini ya nusu. Ndiyo maana balbu moja ilipata volti 12 na mbili ziliishinda kabisa.

Niliweka rezista mpya ya omu 1.5 ya utando, si ya waya uliosokotwa, kwa kuwa waya huo hujifanya koili na kuidanganya aisi. Sikupunguza omu ili "kuipa nguvu", kwani mkondo ukizidi transfoma hujaa na mosfeti hupasuka. Balbu zote mbili zikiwaka kwa saa nzima, mita ilibaki kwenye volti 14.1, na mzee alikuja kuichukua siku tatu kabla ya giza.