Nani Amefuta Faili Hili?

Kwenye Windows, ukaguzi wa mafaili (kurekodi nani amefanya nini na faili gani) una hatua mbili, na wengi huishia ya kwanza. Unawasha sera ya ukaguzi kwa secpol.msc (dirisha la sera za usalama) au amri ya auditpol, halafu unaingia kwenye folda yenyewe, sehemu ya usalama, na kutaja nani afuatiliwe na kwa vitendo gani. Bila hiyo ya pili, hutaona chochote kuhusu folda yako.

Mimi usomaji siufuatilii, isipokuwa kwenye folda nyeti kama ya mishahara. Programu husoma mafaili mchana kutwa, antivairasi ndiyo usiseme, na logi (daftari la matukio la Windows) ikijaa, rekodi za zamani hufutwa kupisha mpya. Nafuatilia kuandika, kufuta na kubadilisha ruhusa. (Wenzangu huwa nawaambia mapema, ni haki yao kujua.)

Faili likifutwa, tukio namba 4660, linalorekodi ufutaji huo kwenye logi, halitaji jina lake, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Usikate. Nakili Handle ID yake (namba ambayo Windows hulipa faili linapofunguliwa), kisha tafuta tukio namba 4663 lenye Handle ID hiyohiyo na muda unaokaribiana: utakuta jina la faili, mtumiaji na programu aliyotumia.