Siku moja maishani mwangu: maji yakipwa, kazi

Saa kumi alfajiri. Bamvua, maji yamejaa pomoni. Tunaiburura mashua mpaka juu ya ufukwe, si mbali na Forodha ya zamani hapa Bagamoyo. Maji yakianza kutoka tunatia magadi, miti ya kuiegemeza, pande zote isije ikalala ubavu.

Saa moja. Chai na vitumbua.

Saa mbili. Tunakwangua makombe na mwani, kisha tunapitisha moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao. Ni kama kubabua kichwa cha mbuzi: ukizubaa, umeunguza nyama.

Saa nne. Kalafati yenyewe, kuziba nyufa kati ya mbao. Karibu na mkuku, uti wa chini wa mashua, nakuta mtu kajaza lami. Lami hupendeza siku ya kwanza. Ikikauka inapasuka, maji yanapita nyuma yake nawe huyaoni. Naichokoa yote, saa nzima imekwenda. Nasokota pamba, naichovya kwenye sifa, yaani mafuta ya papa, naishindilia kwa chembeu (patasi ya kalafati) na nyundo. Mzee, fundi wangu, haji kutazama. Kakaa kivulini anasikiliza. Pamba ikiwa legelege nyundo inalia bubu. Ikishika, inalia kavu, kama unagonga mlango wa mninga.

“Rudia hapo, mwanangu.”

Narudia. Lakini nisishindilie kupita kiasi: mbao ikinywa maji inavimba, na pamba isipopata nafasi inasukuma ubao utoke kwenye misumari.

(Harufu ya sifa sisemi. Mke wangu hunitambua kabla sijabisha hodi.)

Saa saba. Deheni. Shahamu, mafuta ya mnyama, imeyeyushwa kwenye debe, inakorogwa na chokaa, tunaipaka chini kwa mikono ingali vuguvugu. Ikiganda mapema inashika kwako, si kwenye mbao.

Saa tisa. Maji yamefika kwenye magadi. Nahodha anauliza kama tumemaliza. Mzee anamwonyesha bahari kwa kidevu: iulize hiyo.

Saa kumi na nusu. Imeelea. Naingia ndani na tochi, napapasa kati ya mataruma, mbavu za mashua. Palipokuwa na ile lami pana unyevu, tone moja linajikusanya, linaanguka ngamani, chini kabisa maji yanapokusanyika. Jingine.

“Mzee, inavuja!”

“Mbao ilikauka, iache inywe. Usiku huu utalala humo.” Akanirushia upo, chombo cha kuchotea maji.

Saa nne usiku nimefua maji mara mbili. Mara ya pili hayakujaa hata nusu ya upo.