Woking, mji ulioletwa na makaburi

Woking, mji ulio kusini-magharibi ya London huko Uingereza, wengi wanaijua kama stesheni tu, treni za kutoka Waterloo (stesheni kubwa ya London) kwenda Portsmouth zinasimama pale, jioni watu wa maofisini wanashuka na mabegi yao wanaenda kulala, basi. Na kweli ukitoka nje unakutana na maghorofa mapya na mol, hakuna cha kukushtua. Ila huu mji una historia asikwambie mtu.

Zamani palikuwa pori la mchanga, reli ikafika 1838. Sasa kule London 1848-49 kipindupindu kikaua watu mpaka sehemu za kuzikia zikajaa, ndo ikaja kampuni inaitwa London Necropolis ikanunua eneo kubwa mno huku Woking, na 1854 wakafungua makaburi ya Brookwood. Na walikuwa na treni yao ya maiti jamani! Inatoka karibu na Waterloo, ina daraja la kwanza la pili na la tatu, na sio kwa wafiwa tu, jeneza nalo lina daraja lake, yaani umeshakufa na bado wanaangalia mfuko wako. Tiketi ya wafiwa ni kwenda na kurudi, ya jeneza kwenda tu 😅. Ikaendelea hivyo mpaka 1941 Wajerumani walipoipiga bomu stesheni yake ya London. Ardhi iliyozidi kampuni ikauza viwanja, vingine jirani kabisa na stesheni ya Woking, na mji ukaota hapo.

Ila kilichonivuta mimi ni msikiti wa Shah Jahan, uko Oriental Road, unafika kwa mguu kutoka stesheni. Ulijengwa 1889, wa kwanza Uingereza kujengwa toka msingi uwe msikiti. Aliyeusimamia ni Dr. Leitner, mzaliwa wa Hungary na wala hakuwa Mwislamu, hela nyingi ikatoka kwa Begum Shah Jahan, mwanamke aliyetawala Bhopal kule India. Usitegemee lijengo, ni kadogo, kuta nyeupe, kuba la kijani, Ijumaa watu wanasalia mpaka kwenye kumbi za pembeni. Leitner alipofariki 1899 ukafungwa miaka mingi, ukaja kufunguliwa tena 1913.

Na kama nyumbani mna ile Qurani yenye tafsiri ya Kiingereza ya Abdullah Yusuf Ali (kwetu nyumba nyingi ipo, hata asiyesoma Kiingereza anayo kabatini), basi mwenyewe amezikwa Brookwood hapo hapo, na Pickthall, Mwingereza mwingine aliyetafsiri Qurani, naye yupo.

Kuna pia Horsell Common, walikozikwa askari Waislamu wa jeshi la India vita vya kwanza, makaburi yakahamishiwa Brookwood 1968 na sasa pamekuwa bustani nzuri sana. Hilo pori ndo mwandishi H.G. Wells aliyekuwa anaishi Woking aliwashushia watu wa sayari ya Mars kwenye hadithi yake, ndo maana mjini kati kuna sanamu ya mashine yao, lidude la chuma la miguu mirefu, watoto wanalipenda, mimi nililipita tu.

Ukienda anza na msikiti, halafu panda treni stesheni moja mbele ushuke Brookwood, vaa viatu vya kutembea maana pale ni pakubwa kweli kweli. Mol achana nayo, mol ziko kila mahali.