Mashine ya presha ilivyonisaidia kumpunguza Mjomba muguka

Mjomba wangu wa Likoni ana presha, na kila alasiri alikuwa akiketi maskani na wenzake kutafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, mpaka usiku. Kumkanya sikuweza, mpwa hamkalishi mjomba wake chini akamfunza. Nikanunua mashine ya presha, nikamwomba ruhusa ya kumpima tu.

Kabla hajatoka, ameketi ametulia, mkono juu ya meza usawa wa moyo: 142 kwa 88, mapigo 78. Aliporudi, shavu moja bado limejaa majani: 166 kwa 102, mapigo 110. Sikusema kitu. Nikaandika daftarini nikamwachia. Siku nyingine tukapima tena, yakawa yale yale, na hapo akaniuliza mwenyewe kwa nini.

Nikamwambia majani hayo yana kathinoni, dawa ya ukoo mmoja na amfetamini. Mishipa hubana, moyo hukimbia, na huku unahitaji damu zaidi, mishipa inayoulisha nayo yaweza kubana. Nikamweleza pia walichokiona madaktari wa Yemen: kwa watu wengi shambulio la moyo huja zaidi asubuhi, lakini kwa watafunaji huja zaidi kuanzia mchana hadi usiku, saa za kutafuna. Hilo lilimwingia kuliko namba zote. Ndizo saa zake za maskani.

Hakuacha ghafla. Kwanza tuliondoa vile vinywaji vya kuongeza nguvu alivyoteremshia, maana kafeini nayo huusukuma moyo. Halafu tukapunguza siku. Mwanzoni alikuwa mchovu, mkali, anaota ndoto mbaya, na mkazamjomba alivumilia mengi. Maskani sikumwondoa kabisa, wale ndio ndugu zake; huenda na karanga na bigijii zake, wakazungumza.

Kliniki nilimsindikiza, naye kwa mara ya kwanza akataja muguka. Kumbe miaka yote daktari alikuwa akimwongezea dawa bila kujua kwamba anatafuna. Sasa anatafuna Ijumaa pekee, na vidonge vyake hakosi hata siku hiyo. Natamani aiache hata hiyo Ijumaa, na bado tunazungumza.

Kwa mwenye mzee kama wangu: akibanwa kifua, maumivu yakienda mkono au taya, au jasho jembamba likimtoka, msingoje stimu ishuke. Mpelekeni hospitali saa ile ile, na mkifika semeni wazi kwamba ametafuna, kwa sababu daktari huchagua dawa akilizingatia hilo.