Kuoka rangi ya poda nyumbani: saa inaanza lini?

Wengi hapa Nairobi wanapuliza rangi ya poda, yaani unga mkavu unaoshikizwa kwenye chuma kwa chaji ya umeme kisha kuyeyushwa kwa joto, na wanaoka vipuri vya baiskeli kwa oveni ya mtumba, kisha wanashangaa rangi ikibanduka. Mara nyingi kosa liko kwenye saa.

Poda nyingi huandikwa nyuzi 200 kwa dakika 10. Hiyo 200 ni ya chuma chenyewe, si ya hewa ndani ya oveni. Kranki nene huchelewa kupata moto kuliko bomba jembamba, kwa hivyo pima chuma kwa kipimajoto cha miale, halafu ndipo uanze kuhesabu. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Umeme ukirudi, anza hesabu upya.

Kabla ya hapo, toa bearing, raba na grisi yote, piga msasa, futa kwa asetoni, na usiguse tena kwa mkono mtupu. Alumini ya kumiminwa ioke kwanza bila rangi, nusu saa hivi, la sivyo gesi iliyo ndani itatoboa vitundu kwenye rangi. Unapopuliza poda, waya wa ethi (ule wa mashine ya kupulizia unaofungwa kwenye kipuri ili poda ishike) ushike chuma kitupu. Waya ukigusa rangi ya zamani, poda haikamati vizuri.

Kujaribu: ikishapoa, sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye asetoni. Rangi ikilainika na kutoka kwa wingi, haijaiva. Rudisha.

Fremu ya kaboni usiiweke humo kabisa. Na oveni hiyo isipike chakula tena, hata mkate.