Sabuni ya karafuu kutoka Wete hadi Italia, bila ushauri wa wataalamu

Kila semina ya wajasiriamali niliyokaa, iwe Chake au Unguja, wimbo ulikuwa mmoja: fungua tovuti, lipia matangazo, mteja wa Ulaya atakufuata mwenyewe. Nikalipia. Wateja wakaja kweli, mmoja Ujerumani anataka kipande kimoja, mwengine Kanada anataka viwili. Kwa nauli ya kipande kile kimoja ningepata ndoo nzima ya mafuta ya nazi. Nilipompigia mshauri akaniambia masoko ya nje yanataka subira. Subira ya nani, na pesa ni zangu?

Dawa niliipata Kiwengwa, kwa papasi, wale vijana wanaozungusha watalii ufukweni. Msicheke. Waitaliano wamejaa ufukwe ule, na mapapasi wa pale wanakimwaga Kiitaliano kama wamezaliwa nacho. Nikakubaliana na hoteli mbili tatu waweke vipande vidogo vya sabuni vyumbani, bure, kila kimoja na kikaratasi. Wengine wangeandika jina la kampuni na namba ya simu. Mie nilitaka swali: "Kwenu ungependa kuikuta sabuni hii duka gani?" Chini yake nafasi ya kuandika, na kisanduku mapokezi. Papasi alinitoza pweza na chai kwa kulitia Kiitaliano, na swali lenyewe akalipangua, eti lilikuwa na adabu mno, mtu yuko likizo hajibu barua ya serikali. Ee bwana, kisanduku kilijaa! Watu waliandika duka, mtaa, mpaka jina la mwenye duka. Nikawaandikia wenye maduka mmoja mmoja: mteja wenu ameoga na sabuni yetu Zanzibar, anaitaka kwenu, picha ya kikaratasi chake hii hapa. Wenzangu wanalipa mamilioni kwa utafiti wa soko, mie nimelipa pweza.

Aliyekubali ni bibi mmoja wa Bologna mwenye maduka ya mitishamba. Kwake ndiko nilikojua kitu ambacho semina zote hazikukitaja. Ulaya sabuni ni kipodozi, na kanuni namba 1223 ya 2009 inataka kila kipodozi kiwe na mwenye dhamana aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, jina na anwani yake viwe kwenye lebo, pamoja na ripoti ya usalama ya mtaalamu mwenye shahada ya famasia, elimu ya sumu, udaktari au fani ya aina hiyo. Miye Wete ningewatoa wapi? Bibi alishazoea kuagiza vipodozi vya nje, akaibeba dhamana mwenyewe. Gharama ya ripoti tuligawana, sehemu yangu ilikuwa kama milioni na kitu. Unayeota ofisi Milano, mtafute kwanza muagizaji kama huyu.

Kilichonitoa jasho ni lebo. Mafuta yetu ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yamejaa eujenoli, ndiyo hiyo harufu yenyewe, na kule ikizidi asilimia 0.01 katika kitu cha kuogea na kusuuza lazima itajwe kwa jina, kwa ajili ya wenye mzio. Mchapaji mmoja wa Unguja akanishauri niifiche, nani atapima? Nikamwambia achape tu, na asipunguze herufi.

Bibi alitaka bei ya mpaka mlangoni kwake. Nikakataa. Bei yangu inaishia melini Dar es Salaam, nusu ya pesa kabla sijawasha jiko, nusu akishaona nakala ya hati za meli. Hati zenyewe anazipata pesa ikiingia. Mapaleti ya mbao ya kuokota msithubutu, bila muhuri wa kuonyesha mbao zimetibiwa mzigo unazuiwa. Na masika msifunge sabuni mbichi, inatoka jasho ndani ya boksi.

Sasa shangazi yangu wa Muscat anataka ya udi. Oman nako wanataka lebo ya Kiarabu, na shangazi kaahidi kuitafsiri mwenyewe, kwa asilimia kumi ya mauzo. Bado tunabishana.